Ukumbi wa Harusi na Mikutano

Chapwa, Tunduma
11 Machi 2024

Shangazi yangu Loisi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi jikoni, miguu imenyooka kuelekea motoni, na magoti hayajaanza ule ugomvi wao wa masika. Huku mvua haitaki utani. Tope la Chapwa unalijua, linavua watu viatu mchana kweupe. Mama anakusalimu, kifua chake kimetulia. Naandika kwa mkono kama ulivyoagiza, maana ulisema simu yako anaishika mjukuu wako Rozi, na kinachoingia kwa Rozi asubuhi, jioni kinajulikana mpaka kisimani. Osward dereva wa kosta amekubali kuwa posta yetu.

Shangazi, nina jambo moja dogo. Marehemu baba alipogawa vile viwanja viwili vya huku, kimoja alinipa mimi na cha pili alikupa wewe dada yake. Changu nimejenga ukumbi, chako kinaota mahindi. Sasa nasikia mwinjilisti Fanueli anakitaka hicho chako ajenge kanisa. Nakuomba sana, usikitoe.

Si kwamba napinga neno la Mungu. Ni kwamba halmashauri inatunga sheria ndogo ya kumbi za burudani ya watu wazima, zile ambazo wasichana hupanda jukwaani na kitambaa kisichotosha kushona leso. Sheria itasema ukumbi wa namna hiyo usikae jirani na kanisa, msikiti wala shule. Ukiwa jirani, unafungwa au unahamia nyuma ya maegesho ya malori. Ukumbi wangu, kama unavyojua, ni wa harusi na mikutano. Sheria hiyo hainihusu hata kidogo. Nawaza tu kelele za kwaya, zitasumbua mikutano.

Msalimie Rozi, lakini usimsomee.

Mwanao,
Jairo


Igamba, Mbozi
3 Aprili 2024

Mwanangu Jairo,

Marahaba. Pokea salamu nyingi kama maganda ya kahawa mashineni, maana bahari na mchanga wake mimi sijaviona. Magoti yananiuma lakini yananiheshimu. Ng'ombe wetu mwekundu amezaa. Mvua ya mawe ilipita upande wa jirani ikatusamehe. Mwambie mama yako anywe maziwa moto, aache kusikiliza wauza dawa wa stendi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilifurahi, mara ya pili nilishangaa. Umeniandikia ukurasa mzima kuhusu sheria isiyokuhusu. Mimi nilidhani mtu mwenye ukumbi wa harusi akipata kanisa mlangoni atachinja mbuzi. Bibi harusi anatoka madhabahuni, anavuka majani, anaingia kwenye pilau. Viatu vyake vyeupe havijui hata tope la Chapwa likoje. Wenzako wanatafuta bahati ya namna hiyo kwa waganga.

Halafu nisaidie jambo moja. Osward anasema mwezi uliopita alipakia kutoka Mbeya mzigo wako, taa za rangi na bomba refu la chuma linalong'aa kama kijiko kipya. Bomba hilo ni la nini kwenye mikutano?

Kuhusu kiwanja, nimekusikia. Mficha uchi hazai, mwanangu.

Shangazi yako anayekupenda,
Loisi


Chapwa
20 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima. Mama anakunywa maziwa. Bomba ni la kushikilia paa.

Jumamosi nimeamka nikakuta vijana wa kwaya ndani ya mahindi yako wanachimba msingi huku wanaimba! Fanueli mwenyewe ameshika sururu, ananipungia mkono kama tumezaliwa pamoja. Shangazi, umekitoa? Nilikuandikia nikakuomba, nawe ukajibu umenisikia!

Na sheria imepita. Imebandikwa ofisi ya kata, nimeisoma yote. Inataka mita mia mbili kati ya ukumbi na nyumba ya ibada. Nyumba ya ibada itahesabika ikishakuwa na paa na mlango, turubai halitoshi. Kipimo kitatoka mlango mkuu hadi mlango mkuu, kwa kufuata njia ambayo mtu hupita kwa miguu. Hapo ndipo nilipocheka, Shangazi. Hawakusema kwa kuruka kama kunguru! Juzi nimeleta fundi, mlango wangu wa mbele nimeuziba kwa tofali. Mlango mkuu sasa uko nyuma. Mtu akitoka hapo kwenda kwa Fanueli lazima azunguke ukuta wa mashine ya kusaga, apite banda la nguruwe la mzee Lusajo, ndipo arudi barabarani. Nimepima mwenyewe, zinazidi mia mbili.

Ukumbi huu ndio kila kitu nilicho nacho. Ukifungwa, narudi kubeba mizigo mpakani. Narudia, sheria hainihusu. Ni tahadhari tu.

Jairo


Igamba
16 Juni 2024

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, na hasira uiweke chini kwanza, barua yako ilikuwa ya moto mpaka nikaishika kwa kanga.

Kahawa imeanza kuiva, mwaka huu imebeba hadi matawi yanainama. Nimepata mchumaji mpya, binti aliyekuja mwenyewe kutoka upande wa huko kwenu kuomba kazi. Mwepesi! Anachuma ameketi, anachuma amesimama, akichoka anawachezea wenzake katikati ya mibuni mpaka mama mchungaji alimwaga kikapu kwa kicheko. Rozi anamfuata kila mahali.

Sasa kiwanja. Nilikitoa Januari, kabla hujaniandikia. Wewe hukuniuliza kama nimekitoa, uliniambia nisikitoe. Nikaona si adabu kukukatiza.

Habari za mlango wako zimenifurahisha sana. Tulikuwa na kikao cha ujenzi huku Igamba Jumapili iliyopita, na kwa vile nilikuwa na barua yako mkobani, niliwaeleza namna kipimo kinavyokwenda. Fanueli alikuwa amechora mlango wa kanisa utazame barabara kuu. Tumeuhamisha. Sasa utatazama upande wa mzee Lusajo. Hewa si nzuri sana, lakini waumini watavumilia, wamevumilia mengi. Naambiwa ukipima kutoka kwako sasa, mita mia mbili hazitimii.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Nashangaa wewe ulivyojitahidi kuirefusha.

Kwa kuwa sheria haikuhusu, najua hutanuna.

Loisi


Chapwa
14 Julai 2024

Shangazi Loisi,

Shikamoo. Mama mzima. Mimi si mzima.

Tuliokuwa tunaandikiana ni ndugu, nami nilikuwa sijui naandikia kikao cha ujenzi. Sawa. Wateja wangu sasa wanapita bandani kwa Lusajo kila siku. Dereva mmoja wa lori kutoka Kitwe, Zambia, alisimama pale, nguruwe akamnusa suruali, naye dereva akaniambia, "Awe, boyi! Hapana, rafiki! Nyama yake nakula, kusalimiana naye sitaki." Akageuza, na wenzake wote wakamfuata. Na paa la kanisa limepanda. Mabati yanawaka jua mpaka ndani kwangu.

Kwa hiyo nasema kidogo cha kweli. Kuna wasichana wanaoburudisha wageni kwa kucheza. Kidogo. Baada ya mikutano.

Kamati ya mipango miji itapita kila ukumbi Ijumaa ya tarehe 30 Agosti. Nimekwenda kuwaambia wangu ni wa harusi na mikutano. Mwenyekiti wao, bwana mmoja mpole mwenye miwani, akaniuliza, "Harusi ya nani ilifanyika kwako?" Nikasema viti ni vipya. "Mkutano je, wa nani?" Shangazi, sikupata hata mmoja. Akasema watakuja wajionee wenyewe, na wasipoona dalili ya harusi wala mkutano, watachukua futi kamba.

Na kama vile haitoshi, Restuta hayupo. Restuta ni msimamizi wangu wa mapambo. Aliomba ruhusa mwisho wa Mei, akasema mama yake anaumwa huko kwao Ndalambo. Simu yake haipatikani. Bila yeye hakuna kinachokwenda. Wasichana hawasikii, muziki haukai, hata chai haina ladha. Nasema hivi kikazi tu.

Niombee.

Jairo


Igamba
5 Agosti 2024

Mwanangu Jairo,

Marahaba. Ndama anakua, ana paji jeupe. Kahawa tuko katikati ya kuanua. Nakuombea asubuhi na jioni, na katikati nakucheka kidogo, Mungu anajua vyote viwili.

Pole kwa kuondokewa na msimamizi wa mapambo. Sikujua mapambo yanaweza kuondoka na ladha ya chai. Aya hiyo niliisoma kwa sauti shambani, na yule binti wangu mchumaji alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaomba nimsomee tena.

Sasa nina shida yangu, na wewe ndiwe wa kunisaidia. Kinamama wa usharika, sisi wa Igamba pamoja na wa huko Tunduma, tuna mkutano mkubwa. Mchungaji aliuliza tufanyie wapi. Nikasimama nikasema mtoto wa kaka yangu ana ukumbi wa harusi na mikutano pale Chapwa, ameniandikia mwenyewe tangu Machi. Wakapiga vigelegele. Siku pekee ambayo kinamama wote wana nafasi ni Ijumaa ya tarehe 30. Natumaini hiyo siku huna jambo jingine.

Tutafika saa tatu asubuhi. Chakula tunakuja nacho. Wewe tupe viti, maji, na mlango wa mbele. Kinamama wazee hawawezi kupita kwa nguruwe na vitenge vya sare.

Nijibu upesi.

Loisi


Chapwa
2 Septemba 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo, ingawa tumeagana Ijumaa tu. Kuna mambo sikuweza kuyasema mbele ya kinamama wote wale.

Barua yako ya tarehe 5 nimeipata tarehe 30. Kosta ya Osward ilikufa gia pale Mlowo, ikalala gereji wiki tatu na barua ikiwa ndani ya kidroo. Ilipopona, safari yake ya kwanza ikawa kuwaleta ninyi. Alinikabidhi bahasha huku nyuma yake wanashuka akina mama wenye masufuria! Naifungua, nasoma "tutafika saa tatu", natazama saa, ni saa tatu.

Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya nyuma nasubiri futi kamba. Nilishaaga ukumbi wangu moyoni. Halafu nikasikia sauti yako upande wa mbele, "Jairo! Tofali hizi zinaolewa lini?" Nikachukua nyundo mwenyewe. Nimebomoa ukuta wangu huku kinamama wanaimba, na Fanueli ananipokea tofali anazipeleka kwake, eti atajengea ngazi ya madhabahu. Nilikuwa sina nguvu ya kubishana.

Kamati ilipoingia, mliujaza ukumbi hadi dirishani. Mwenyekiti alivua miwani akaifuta. Akaona Biblia mezani, masufuria kwenye kona, na bomba langu katikati ya jukwaa mmelifunga kitenge na kulitundikia mikoba na miavuli yote. Akaniuliza, "Na hili?" Ukawahi kujibu wewe, "La kushikilia paa, ameniandikia." Akatazama juu. Bomba linaishia hewani, Shangazi, halifiki hata karibu na paa! Akakohoa, akaandika.

Wameandika Ukumbi wa Harusi na Mikutano. Leseni inatoka kwa jina hilo. Sifungwi. Nilitaka kulia. Ndipo mwenyekiti akaongeza kwa upole kwamba kwa leseni hiyo, msichana akionekana anacheza jukwaani, hata kama ni baada ya mikutano, nafungwa bila kupimwa.

Basi nimesalimika na nimekwisha, vyote asubuhi moja.

Lakini kubwa si hilo. Aliyeanzisha wimbo wa kufungua, aliyesimama kulia kwako na kitenge cha sare na kilemba, alikuwa Restuta! Nilimfuata wakati wa chai. Nikamuuliza kama mama yake amepona. Akasema mama hajawahi kuumwa. Nikamwambia basi rudi kazini. Akasema kazi anayo. Yeye na wasichana wamepata eneo nyuma ya maegesho ya malori, pale pale sheria inaporuhusu, la kwao wenyewe, kwa leseni yao. Halafu akanipa kikombe changu, akaenda kukaa na wewe.

Shangazi, ni nani aliyemleta kwako?

Jairo


Igamba
22 Septemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Tumemaliza kahawa. Rozi amefaulu mtihani wa nusu muhula na anajidai. Ndama tumempa jina la Tofali kwa heshima yako.

Unauliza ni nani aliyemleta. Umemleta wewe.

Alifika kwangu mwanzoni mwa Juni na begi moja. Nikadhani anatafuta kibarua, nikampa kikapu. Alichuma siku kadhaa ananitazama tu, namna mtu anavyomtazama mbwa aliyeambiwa anauma. Siku moja akaweka kikapu chini akasema, "Mama, mimi nimekuja kumwona shangazi anayenikataa." Nikamuuliza ninakukataa wapi, nami sikujui? Ndipo akanieleza. Kwamba kila akikuuliza utamtolea posa lini, unamjibu, "Mimi nataka, ila shangazi yangu Loisi ni mtu wa kanisa, hawezi kumkubali mcheza jukwaani." Miaka miwili unamjibu hivyo!

Jairo, hapo nilikasirika kweli, na sasa sikutanii. Umejenga ukuta kwa jina langu. Mimi sijawahi kukataa kitu ambacho sijaombwa. Ningeweza kukataa, ningeweza kukubali, lakini ulininyima hata nafasi ya kuulizwa. Na yule binti alikuwa anabeba aibu ambayo hakuna aliyempa ila wewe, kwa uvivu wako wa kuamua.

Basi nikamwambia akae, achume, tusomeane barua zako. Amecheka sana, usiku mmoja amelia pia. Kuhusu kazi yake, nilimwambia ninachofikiri, naye akaniambia anachofikiri. Hatukukubaliana, tukala viazi. Lakini jambo la eneo la malori ni yeye aliyeliona. Alisema, "Mama, sheria imeandika tuhamie wapi, haikuandika tuhangaike kuhamisha milango." Nikaona huyo akili anayo kuliko wanaume wawili wa ukoo wetu, na mmoja ni marehemu.

Mkutano wa kinamama ulikuwa wazo langu. Sikutaka baba yako aone kule aliko kiwanja chake kimefungwa kufuli. Wewe ni mtoto wangu hata ukiwa mjinga.

Loisi


Chapwa
6 Oktoba 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu.

Ni kweli yote. Niliogopa. Si wewe niliyekuogopa, niliogopa watu wa Igamba wangesema nini, nikatafuta mtu mkubwa wa kujificha nyuma yake. Nisamehe. Ukumbi uko kimya, nafagia peke yangu. Wiki iliyopita chama cha wakulima wamefanya mkutano, wanne wakalala. Jioni upepo ukigeuka nasikia muziki wa Restuta na wasichana kutoka kwenye malori, na kwaya ya Fanueli upande huu, mimi niko katikati na viti vyangu.

Nampenda Restuta. Naliandika hapa liwe na ushahidi. Hata akibaki na kazi yake.

Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine. Ni barua ya posa, kwa mzee Makene, baba yake, Ndalambo. Nakuomba uwe mshenga wangu, uipeleke. Wao ni watu wa ng'ombe, najua wataongea kwa ng'ombe, niko tayari kuuza hata bomba.

Tafadhali muulize Restuta kwanza kama atakubali. Mimi nikimpigia hapokei.

Mwanao,
Jairo


Igamba
27 Oktoba 2024

Mwanangu Jairo,

Marahaba. Magoti yamekubali safari ya Ndalambo na kurudi, ujue yanakupenda. Mzee Makene alitukaribisha maziwa. Barua yako ameipokea, hajaifungua, ameiweka juu ya kabati.

Restuta alikuwepo. Nilimuuliza kama ulivyoagiza. Alisema nikuandikie maneno yake kama yalivyo: "Mwambie barua yake nimeiona. Lakini aliyenikataa kwa mdomo wa shangazi, hawezi kuniomba kwa mdomo wa shangazi. Aje mwenyewe, mchana, apite mlango wa mbele, baba yangu na kaka zangu wote wakiwa wamekaa, aseme nilikuwa nacheza jukwaani kwake na kwamba ananitaka. Akiweza kulisema hilo bila kuzunguka bandani kwa nguruwe, mzee atafungua bahasha."

Jumamosi ijayo watakuwa nyumbani. Osward ana nafasi moja mbele.

Na kama atakukubali, usiulize harusi ifanyike wapi. Ukumbi upo, kanisa liko mlangoni, na mwenyekiti wa kamati ameniambia anasubiri sana kuona harusi ya kwanza. Bomba usiliuze. Bibi harusi amesema atalihitaji kutundika shela.

Shangazi yako,
Loisi